Aje Kwetu: Wito kwa Wananchi wa Kanda ya Kati

Wananchi wenzangu, naomba leo tuzungumze habari za watoto. Sisemi wale tuliowazaa tu, bali na wale wanaojikuta njiani bila mtu mzima wa kuwashika mkono.

Najua mnaosoma haya mko Dodoma mjini, Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Wengine mko Manyoni na Singida. Sisi sote ni kaya moja. Mambo ya kaya huzungumzwa wazi, watu wakiwa wamekaa.

Nianzie Kondoa. Pale pana habari ambayo wengi wetu hatukuisikia shuleni.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kondoa ilikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland. Walikuwa zaidi ya watu 400, wengi wao kina mama na watoto. Watoto waliozaliwa kwenye theluji walijikuta wakichezea vumbi letu jekundu, katika mji ambao mchana husikika adhana na jioni kengele za mbuzi wakirudi zizini. Je, uliwahi kuambiwa hivyo na babu yako?

Walifikaje huku? Mwezi Septemba 1939 Ujerumani ya Hitler iliivamia Poland kutoka magharibi, na muda mfupi baadaye Wasovieti wakaingia kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa mapande mawili. Upande wa mashariki, familia kwa maelfu zilipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan, kukata magogo na kufa kwa baridi na njaa. Hitler alipowageukia Wasovieti wenyewe mwaka 1941, waliosalia waliruhusiwa kutoka. Mwaka 1942 zaidi ya watu 110,000, askari pamoja na raia, walivushwa hadi Uajemi. Wengi wa watoto walikuwa wameshawazika wazazi wao njiani.

Kutoka kwenye mahema ya Tehran walitawanywa. Wako waliopelekwa India, wako waliopelekwa Uganda, Kenya na Rhodesia. Tanganyika iliwapokea katika kambi tano: Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa kubwa kuliko zote ikiwa na watu kama 5,000, kisha Ifunda, Kidugala, Morogoro na Kondoa yetu.

Katika mahema hayohayo ya Tehran walikuwamo watoto mia kadhaa wa Kiyahudi, wengi wao yatima. Hao walipitishwa Karachi na Suez, wakafika Palestina mwezi Februari 1943. Dunia inawakumbuka kwa jina la Watoto wa Tehran. Maana yake ni nini? Mtoto aliyeletwa Kondoa na mtoto wa Kiyahudi aliyepelekwa Palestina huenda walipanga foleni moja kusubiri mchuzi. Wote wawili waliokolewa kwa namna moja: walitolewa kule kwenye kifo, wakapelekwa mbali, mahali palipokuwa na mtu wa kuwapokea.

Kwa watoto wa Kiyahudi waliobaki chini ya utawala wa Hitler, hesabu inaumiza hata kuitaja. Waliuawa kama milioni moja na nusu. Waliuawa kwa kuwa walizaliwa Wayahudi, basi.

Sasa nataka tutazame waliookolewa mapema, kabla vita haijaanza, maana hapo ndipo penye somo la nyumbani kwetu.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, nchini Ujerumani na Austria, masinagogi yalichomwa moto, maduka ya Wayahudi yakavunjwa vioo, na wanaume wapatao 30,000 wakakamatwa na kupelekwa makambini. Kuanzia asubuhi ile wazazi wa Kiyahudi hawakuuliza tena kama waondoke. Waliuliza waende wapi. Mataifa 32 yalikuwa yamekutana Evian, Ufaransa, mwezi Julai mwaka huohuo kulizungumzia suala hilo, na karibu yote yakasema yanawaonea huruma ila hayana nafasi.

Tarehe 21 Novemba jambo hili lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza. Siku hiyo jina la nchi yetu lilitajwa: Waziri Mkuu Neville Chamberlain alizungumzia uwezekano wa kuwapa wakimbizi ardhi Tanganyika. (Baba yake, Joseph Chamberlain, ndiye aliyependekeza mwaka 1903 kwamba Wayahudi wapewe Uasin Gishu, Kenya. Ukoo ule ulikuwa mwepesi kugawa mashamba ya watu.) Mpango wa Tanganyika haukufika popote. Lakini katika mjadala uleule lilitoka tamko jingine lililozaa matunda: watoto wangeruhusiwa kuingia Uingereza bila wazazi wao.

Je, ruhusa ya serikali ilitosha?

Haikutosha, ndugu zangu. Karatasi ya ruhusa haina kitanda wala haipiki uji. Kila mtoto alihitaji mtu wa kumdhamini, na baadaye dhamana ya pauni 50 kwa kila kichwa. Zilikuwa fedha nyingi kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo waandaaji wa mpango ule waliwaendea wananchi.

Tarehe 25 Novemba 1938 Herbert Samuel, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alisimama mbele ya kipaza sauti cha redio ya BBC akawaomba wasikilizaji wafungue milango yao. Muda si mrefu zikapatikana kaya 500. Wiki moja baada ya wito ule, tarehe 2 Desemba, watoto wa kwanza walishuka bandari ya Harwich. Hadi vita ilipoanza Septemba 1939, walikuwa wamefika karibu 10,000.

Jaribu kuiona stesheni waliyoondokea. Mtoto ana sanduku dogo, ana kadi yenye namba shingoni, ana mark kumi za Kijerumani na si zaidi. Mama anamwambia watafuatana karibuni. Wengi wa watoto wale hawakuwaona tena wazazi wao.

Ni nani walioifanya kazi hii? Ningependa muwatazame vizuri, kwa sababu hamtaona watu wa ajabu.

Alikuwapo mama mmoja wa Kiholanzi, Geertruida Wijsmuller. Mwenyewe hakujaliwa mtoto. Desemba 1938 alikwenda Vienna, akaingia ofisini kwa Adolf Eichmann, yule ofisa aliyekuja kuwa msimamizi mkuu wa kuwasafirisha Wayahudi kwenda kuuawa, akaomba watoto. Eichmann alimpa sharti la kumkomoa: achukue watoto 600, na waondoke Sabato, siku ambayo Wayahudi washika dini hawasafiri. Siku chache baadaye watoto 600 walikuwa kwenye treni.

Alikuwapo kijana wa miaka 29, Nicholas Winton, karani wa soko la hisa London. Alikwenda Prague kumtembelea rafiki, akakuta familia za wakimbizi zikitetemeka kwa baridi. Aliporudi London hakuacha kazi. Saa za ofisi zilipokwisha alikaa na mama yake wakiandika barua, wakichapisha kadi zenye picha za watoto ili familia ziwaone, na kuwakumbusha makarani wa viza. Wenzake Doreen Warriner na Trevor Chadwick walikuwa kule Prague, wakikusanya majina na kupandisha watoto kwenye mabehewa. Walitoka watoto 669. Treni ya mwisho ilipangwa kuondoka tarehe 1 Septemba 1939, ikiwa na watoto wapatao 250. Siku hiyo vita ikaanza na mipaka ikafungwa. Treni haikuondoka.

Wale 669, jamani, walitofautianaje na wale 250? Hawakuwa wema zaidi wala werevu zaidi. Anwani zao ziliwahi kupatikana. Mtu fulani katika mtaa fulani alikuwa ameandika kwenye fomu: huyu aje kwetu.

Huku Afrika Mashariki nako waliingia wachache. Stefanie Zweig alikuwa mtoto mdogo mwaka 1938 alipofika Kenya na mama yake, kumfuata baba, mwanasheria wa Kiyahudi aliyegeuka kuwa msimamizi wa shamba. Alikua akisema Kiswahili, na baadaye akaandika riwaya iliyotengenezewa filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Kumbe Kiswahili nacho kimewahi kumlea mtoto aliyefukuzwa kwao.

Na wale wa Tengeru? Vita ilipokwisha, kambi zilianza kufungwa. Wakabaki yatima ambao hawakuwa na pa kurudi. Mwaka 1949 wapatao 150 waliondoka Tanganyika wakiwa na padri wao, Lucjan Królikowski, wakapitia Mombasa na Italia hadi Kanada, ambako Wakatoliki wa Montreal walikubali kuwapokea. Yaani kwa mara nyingine, mtu mmoja mbali kabisa alisema waje.

Wazee wetu wa Kondoa hawakuulizwa kuhusu ile kambi. Mkoloni aliamua, basi. Lakini mgeni hali amri ya serikali. Hula unga, hunywa maji, huokota kuni, na vyote hivyo vinatoka katika ardhi ya wenyeji. Waliwaacha wale watoto wasali kwa namna yao, katika wilaya yenye Waislamu wengi. Hilo nalo ni fungu letu katika historia hii, wala si dogo.

Baada ya uhuru tumeendelea kupokea. Kongwa ilikaribisha wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kuanzia mwaka 1964. Mazimbu, jirani zetu wa Morogoro, ilisomesha vijana waliotoroka ubaguzi wa Afrika Kusini. Mikoa ya magharibi imebeba mzigo wa Warundi, Wanyarwanda na Wakongo kwa miongo mingi, na Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya wakimbizi ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya ukarimu huo.

Basi nirudi kwa mtoto wa leo, wa hapa kwetu.

Hali yake si ya mtoto wa Kiyahudi wa mwaka 1938, wala sitaki tulinganishe. Hakuna anayemwinda kwa sababu ya kabila lake, Mungu ashukuriwe. Ila hitaji lake linafanana na la wale: anahitaji nyumba yenye jina la mtu.

Mnamjua. Dodoma yetu imekua haraka tangu serikali ilipohamia. Barabara ni nzuri, stendi ya Nanenane haipoi, treni ya SGR inaleta watu kwa saa chache. Watoto nao wanakuja. Mwingine mvua zimekatika kwao, wazazi wameondoka kwenda kuhemea, akaona afadhali aje mjini. Mwingine mama amefariki na nyumba imebadilika. Mwingine aliambiwa kuna kazi, akafika akakuta namba ya simu haipatikani. Utamwona Sabasaba amebeba mizigo, au Majengo jioni akisubiri makombo ya mama lishe.

Serikali ina sheria nzuri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, yaani familia kumlea mtoto asiye wao kwa kibali na uangalizi wa ustawi wa jamii. Wapo pia walezi wa kuaminika, wanaompokea mtoto kwa muda mfupi wakati maofisa wakiwatafuta ndugu zake. Na kuna kumwasili mtoto kabisa akawa wako, jambo linaloamuliwa na Mahakama Kuu. Makao ya watoto tunayo: ya Taifa pale Kikombo, na Kijiji cha Matumaini kinachofanya kazi kubwa tangu mwaka 2002.

Wanaolea katika makao hayo nawavulia kofia. Lakini waulizeni wao wenyewe, watawaambia: mtoto huhitaji mtu wa kumgombeza yeye peke yake.

Ruhusa ipo, kama ilivyokuwapo London mwaka 1938. Kinachosubiriwa ni kaya.

Najua unachofikiri, mama. "Nyumba yangu ndogo, na wangu wanne hawajashiba." Ni kweli. Waliofungua milango kule Uingereza nao wengi wao hawakuwa matajiri. Walikuwa walimu, wachungaji, wenye vijiduka. Sikuambii ujilazimishe. Nakuambia tu usijiondoe kwenye hesabu kabla hujaulizwa. Afisa ustawi anatafuta nyumba yenye amani. Hatafuti nyumba yenye vigae.

Yako mambo matatu ya historia ile ningependa tuyachukue na kuyatumia, maana hata wenye nia njema waliteleza hapo.

La kwanza ni kuchagua. Watoto waliokosa wenyeji walikusanywa Dovercourt, kambi ya likizo karibu na Harwich, Desemba, baridi ya kuuma. Familia zilikuja kuwaangalia na kuchagua. Wadogo wenye mashavu waliondoka kwanza. Wavulana wa miaka 15 na 16 walibaki wamekaa, wiki baada ya wiki. Nasi tuko hivyohivyo, tusifichane: mtoto akitajwa, tunamwona mchanga wa kubeba mgongoni. Nani atamchukua mvulana wa miaka 13, mwenye sauti inayokwaruza, aliyekwishazoea kulala barazani kwa watu? Nawaomba kina baba, hasa mafundi. Wewe mwenye gereji, wewe fundi seremala wa Chang'ombe, huyo ni wa kwako. Anataka mwanaume wa kumwambia "umefanya vizuri" na jioni aende naye nyumbani.

La pili ni kazi. Baadhi ya wasichana waliofika Uingereza waligeuzwa watumishi wa ndani. Huenda wengine hawakupigwa wala kulala njaa. Walifua tu, wakapiga deki, na shule ikasahaulika. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa miaka 12 mpeni daftari.

Hapa nazungumza na wenzangu wa mjini, wa Mtumba, Ilazo na Kisasa, ambao tumehamia na kazi zetu na tunahitaji msaada nyumbani. Tumemleta binti wa ndugu kutoka kijijini, tumeahidi kumsomesha. Je, yuko darasani? Kama ana miaka chini ya 14, sheria haimruhusu kuajiriwa kabisa. Kama ni mkubwa kidogo, ana siku ya kupumzika? Mshahara wake unafika mkononi mwake? Anaongea na mama yake kwa simu bila mtu kusimama pembeni? Najua wengi wenu mnafanya haya yote na zaidi. Anayeona ameacha moja limpite anaweza kulianza mwezi huu, wala hakuna atakayemuuliza ya nyuma.

La tatu ni jina. Watoto wengi wa Kiyahudi walikulia kwa Wakristo waliowapenda kweli, lakini baada ya miaka lugha ya mama ilikuwa imekwisha kinywani, na dini ya nyumbani imefutika. Wakaja kukutana na ndugu waliosalimika, wakashindwa kuongea. Ukimpokea mtoto wa Kigogo au Kisandawe, na wewe si wa huko, mwache aendelee kuitwa alivyoitwa na bibi yake. Mtafutie mtu wa kusema naye lugha yake, hata mara moja kwa wiki pale sokoni. Akiwa Mwislamu nawe Mkristo, au kinyume chake, mpeleke anakosali. Wazee wa Kondoa waliliweza hilo.

Na kazini je?

Wewe dereva au konda wa basi la mikoani, ndiwe wa kwanza kumwona. Mtoto amepanda peke yake Singida, nauli kamili mkononi, hana simu ya anayempokea. Muulize jina la kijiji chake kabla hajachoka kukuamini. Mkabidhi kwa askari wa stendi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, wala usimwache kwa mtu anayesema "huyo ni wangu" bila kumthibitisha.

Wewe bodaboda, mhudumu wa nyumba ya wageni, mlinzi wa usiku: ipo namba 116, ya kupiga bure, ya kusaidia watoto. Iandike kwenye simu yako sasa hivi, kabla hujafungua ukurasa mwingine.  Na tafadhali usimchukue mtoto barabarani ukampeleka kwako kimyakimya, hata kwa huruma. Huenda mama yake anamtafuta huko Mpwapwa.

Mwalimu, wewe unajua nani amehama dawati. Elimu haina ada, lakini sare ina bei, daftari lina bei, na chakula cha mchana kina bei. Mtoto anayelelewa na bibi mwenye miaka 70 huanza kukosa Jumatatu, kisha Ijumaa, kisha wiki nzima. Ukiwaambia wazazi wenzake kwa staha, bila kumtaja mbele ya darasa, hilo gunia la mahindi hupatikana. Nimeona likipatikana.

Makarani na watendaji, naomba niwaseme kidogo kwa heshima. Winton alihangaika sana na viza zilizochelewa mezani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lilikuwa faili kati ya mafaili. Tarehe 1 Septemba haikusubiri. Familia inapojitokeza kuomba kulea, na fomu iko mezani kwako, ipe nafasi ya juu. Mtu mwenye moyo wa kupokea anaweza kukata tamaa akiambiwa "njoo kesho" mara nyingi.

Nanyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, naomba msaada wa aina nyingine. Pale Tengeru makaburi ya Wapolandi wale yapo na yanatunzwa. Wageni hufika kutoka mbali kuyaona. Kondoa wanakuja kutazama michoro ya miambani ya Kolo, na ni haki yake, ila ni wachache wanaouliza habari za kambi. Wazee waliokuwa wadogo wakati ule sasa wana miaka 90 na kitu. Nendeni na simu zenu za kurekodi mkawasikilize: nani alijenga, nani aliuza mayai, watoto walicheza nini pamoja, nani alizikwa wapi. Mkirudi, wapeni nakala wenyewe, na shule za pale.

Kwa wale ambao mioyo yao imekwishaanza kusogea, njia ni hii. Zungumzeni kwanza ndani ya nyumba, baba, mama, na watoto mliozaa, kwa sababu ndio watakaogawana godoro. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, awajue. Kisha nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Mtaulizwa maswali mengi, mengine ya ndani, na afisa atakuja kuona mnavyoishi. Msichukie. Anafanya hivyo kwa ajili ya mtoto, na nyie mngetaka afanye hivyo kwa wa kwenu.

Semeni ukweli wa uwezo wenu. Kama mnaweza kukaa naye wiki mbili tu wakati ndugu wanatafutwa, semeni wiki mbili. Wa wiki mbili wanahitajika sana. Kama mnaweza mwaka, semeni mwaka.

Inawezekana afisa akawaambia: yupo msichana wa miaka tisa, ila ana kaka yake wa kumi na mbili, na hawajawahi kulala nyumba tofauti. Mlikuwa mmejiandaa kwa mmoja. Kule Uingereza ndugu wengi walitenganishwa kwa sababu hiyo. Msijibu palepale. Ombeni siku mbili, mrudi nyumbani, mpime chumba, mpige hesabu ya unga, mkamwone na jirani, maana huenda yeye ana nafasi ya huyo mwingine na nyumba zenu zinatenganishwa na ua tu.